Mwalimu Pereira na mpera wa dirishani

Siku ya kwanza alipoingia darasani kwetu, Tanga, mwalimu wetu mpya wa hesabu aliandika jina lake ubaoni kwa herufi za kuungana, akapiga mstari chini yake: Pereira. Akatugeukia, akasema, "Someni." Tukasoma kwa sauti moja: "Perera!" Akatikisa kichwa, akalitamka mwenyewe polepole, ile "ei" ya katikati akiivuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Tukarudia. Ikatoka "Perera" ileile. Akacheka, akakubali yaishe, na kwa miaka minne hakuna mwanafunzi aliyemwita vinginevyo.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hilo jina maana yake nini?" Mwalimu alikuwa Mgoa, yaani asili yake Goa huko India, babu yake alikuja pwani hii kushona nguo, na nadhani alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi kuliko alivyoulizwa kipeuo cha pili. Akaenda dirishani, akanyoosha chaki kuelekea mti uliokuwa kati ya darasa letu na jiko la shule. Ulikuwa mpera. Gome lake lilikuwa limebanduka vipande vipande kama kawaida ya mipera, na chini ya gome shina lilikuwa laini, rangi ya shaba. "Jina langu ndilo lile pale," akasema. Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Nilidhani anatutania ili tumpende.

Hakuwa anatania. Nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba jibu lile lilikuwa sahihi, ila usahihi wake una kona nyingi, na kila kona ina watu wake.

Nianze na lugha. Sisi tukitaka kupata mti kutoka kwenye tunda, tunatia kiambishi mbele: embe, mwembe; chungwa, mchungwa; limau, mlimau. Wareno wanafanya kazi hiyohiyo nyuma ya neno. *Limão* ni limau, *limoeiro* ni mlimau. *Manga* ni embe, *mangueira* ni mwembe. *Caju* ni kanju, *cajueiro* ni mkanju, na hapo hata neno lenyewe tumelipata kwao. Kwa hiyo *pera* ni tunda na *pereira* ni mti wake. Mtu akikuambia anaitwa Pereira, ni kama amekuambia kwa Kiswahili: naitwa Mpera.

Ukishaishika kanuni hiyo, orodha ya majina ya Kireno inageuka shamba mbele ya macho yako. Oliveira ni mzeituni. Figueira ni mtini, na Figueiredo ni mahali palipoota mitini mingi. Nogueira ni mjozi, Pinheiro ni msonobari, Carvalho ni mwaloni. Silva, jina linaloongoza kwa wingi Ureno, ni neno la Kilatini la msitu wenyewe. Ribeiro, jina la yule daktari Mgoa aliyekuwa akizunguka Nairobi changa juu ya mgongo wa punda milia, ni kijito. Ila usikimbilie kuona mti kila unapoona mkia huo. Ferreira haina jani hata moja: inatoka kwenye chuma, mahali palipofuliwa au palipochimbwa chuma.

Sasa, tunda lenyewe. Pera la Wareno wa Ulaya si pera letu. Ni peasi, tunda la nchi za baridi, lile ambalo sisi watu wa Tanga tunaletewa kutoka Lushoto likiwa gumu kama jiwe na kuachwa kabatini mpaka lilainike. Mti wa kwenye jina ni mpeasi. Kwa muda fulani nilipogundua hilo nilihisi mwalimu wangu alikosea, na ilinihuzunisha kidogo, maana alikuwa mtu ambaye hakuwahi kukosea ubaoni. Nitalirudia baadaye, kwa sababu hakukosea.

Jina halikuanza kwa mtu kufanana na mti wala kwa mtu kuuza matunda. Lilianza na mahali. Kaskazini mwa Ureno, katika jimbo la Minho, upande wa Vila Nova de Famalicão, palikuwa na milki iliyoitwa Pereira, bila shaka kwa sababu ya mpeasi uliosimama hapo ukawa alama. Katika karne ya 12 aliishi bwana mmoja aliyeitwa Gonçalo Rodrigues da Palmeira. Mwanawe akaitwa Rodrigo Gonçalves de Pereira. Yatazame majina hayo mawili kwa makini, maana mtu wa pwani yetu atayaelewa upesi kuliko Mwingereza. Rodrigues maana yake ni mwana wa Rodrigo. Gonçalves ni mwana wa Gonçalo. Gonçalo bin Rodrigo amemzaa Rodrigo bin Gonçalo: mjukuu amepewa jina la babu, kama Juma Ali anavyomzaa Ali Juma. Kisha kinafuata kile cha mwisho, mahali: baba ni wa Palmeira, yaani mti wa jamii ya minazi na mitende, mwana ni wa Pereira. Baba na mwana wana miti miwili tofauti, kwa sababu mti ulikuwa anwani. Ungehama, nao ungebadilika.

Baadaye jina likaacha kuhama. Wana wa Rodrigo walibaki kuwa akina Pereira hata walipoishi mbali na Minho, kama ambavyo kwetu kuna watu wa ukoo wa Kishirazi ambao hawajawahi kuiona Shiraz.

Mkubwa kuliko wote katika ukoo huo ni Nuno Álvares Pereira, aliyezaliwa mwaka 1360. Tarehe 14 Agosti 1385, huko Aljubarrota, aliliongoza jeshi dogo la Ureno likalishinda jeshi kubwa la Kastilia, ufalme jirani katika Hispania ya leo, na ushindi huo ndio uliofanya Ureno ibaki nchi yake yenyewe. Uzeeni aliacha mali na vyeo, akaingia katika nyumba ya watawa wa Karmeli aliyoijenga mwenyewe Lisbon, akafa humo mwaka 1431. Kanisa lake lilibomoka katika tetemeko la mwaka 1755 na magofu yake yamesimama hadi leo bila paa. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Binti yake aliolewa na mwana wa mfalme, na kutoka kwao ukatoka ukoo wa Bragança. Tafadhali kumbuka jina hilo la Bragança, tutakutana nalo Goa.

Jambo moja lilinishangaza: ngao ya akina Pereira haina mti. Ni uwanja mwekundu wenye msalaba wa rangi ya fedha, ncha zake zimechanua kama ua. Watu walikwisha kuusahau mpeasi.

Kuna habari nyingine utakayoikuta haraka sana ukianza kuuliza kuhusu jina hili, na mimi inanikera kwa jinsi inavyosambazwa. Watasema: majina yote ya Kireno yenye miti ni majina ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa. Pereira? Myahudi. Oliveira? Myahudi. Carvalho? Vivyo hivyo. Chanzo cha habari ni kweli na ni kichungu. Desemba 1496 mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru Wayahudi waondoke Ureno, na mwaka 1497, badala ya kuwaacha waondoke, akawabatiza kwa nguvu. Siku ya ubatizo waliacha majina ya baba zao wakachukua ya Kikristo. Lakini hebu fikiri: mtu anayeogopa kutambulika atachagua jina gani? Atachagua jina ambalo kila mtu analo. Angejiita jina la peke yake ili ajulikane? Wengine walipewa majina ya wadhamini wao wa ubatizo, ambao walikuwa Wakristo wa miaka mingi. Miti ilikwisha kuwa majina ya Wareno zaidi ya miaka 300 kabla ya hapo, kama tulivyomwona Rodrigo.

Ni kweli wako akina Pereira waliokuwa Wayahudi, na wengine walifanya makubwa. Jacob Rodrigues Pereira, aliyezaliwa 1715, alikimbilia Ufaransa na familia yake, akarudi hadharani kwenye dini ya wazee wake, akawa mwalimu mashuhuri wa watoto viziwi. Wajukuu zake, Émile na Isaac, ndio wenye benki waliojenga reli za Ufaransa, na Paris ina barabara yenye jina lao. Lakini huyo tunamjua kuwa Myahudi kwa maisha yake na kwa kumbukumbu za familia. Jina peke yake lisingetuambia. Tangu Ureno ilipofungua mlango mwaka 2015 wa kuwapa uraia wazao wa Wayahudi wale, watu wengi duniani wamepekua majina yao wakitafuta damu. Nawaelewa. Ila jina la mti si cheti.

Nimekaa kidogo juu ya ubatizo wa Lisbon kwa sababu miongo michache tu baadaye kisa hicho kilivuka bahari, na hapo ndipo mwalimu wangu anaingia.

Mreno Afonso de Albuquerque aliiteka Goa mwaka 1510. Mwaka 1540 mahekalu ya Wahindu katika kisiwa cha Goa yalibomolewa. Kisha zikaja sheria. Mwaka 1559 ilitolewa amri kwamba mtoto wa Kihindu aliyefiwa na wazazi na wazee wake akabidhiwe mapadri, alelewe na kubatizwa; baadaye ikatosha kufiwa na baba tu. Sitaki kupita haraka hapo. Mama yupo, bibi yupo, wajomba wapo, na mtoto anachukuliwa. Mwaka 1560 likaanzishwa baraza la Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka walioshukiwa kuiacha imani, na likadumu, ukiacha miaka michache, hadi 1812. Mwaka 1684 serikali ikapiga marufuku hata lugha yao ya Kikonkani. Wapo waliobatizwa kwa imani, na uzao wao umeishika imani hiyo kwa moyo mpaka leo. Siwezi kumwambia mtu wa kizazi cha kumi na mbili kwamba sala yake si yake. Lakini mazingira ndiyo hayo.

Watu walibatizwa kwa makundi, wakati mwingine kijiji kizima. Siku yenyewe ilikuwa sherehe: kengele, maandamano, nguo mpya. Mtawala wa Goa wa miaka ya 1558 hadi 1561, Constantino de Bragança, alikuwa akihudhuria sherehe hizo mwenyewe. Bragança: uzao wa Nuno Álvares Pereira. Mtu aliyeingia kanisani akiwa Naik, Kamat, Prabhu au Shenoy alitoka na jina la mdhamini wake, au la padri aliyemwagia maji, au la ofisa aliyekuwepo siku hiyo. Ndugu wawili waliobatizwa siku mbali mbali waliweza kutoka na majina mawili, mmoja Pereira na mwingine Fernandes, na wajukuu zao wakaja kuitana jirani. Na watu ambao hawakuwa na undugu hata kidogo wakatoka na jina moja. Ndiyo maana ukikutana na akina D'Souza wanne katika harusi moja ya Wagoa, usiulize nani kaka wa nani.

Ndivyo mpeasi wa Minho ulivyoenea. Brazili, watumwa walipewa majina ya mabwana zao. Cape Verde ilipopata uhuru mwaka 1975, rais wa kwanza alikuwa Aristides Pereira. Sri Lanka jina limekuwa Perera, mojawapo ya majina yaliyoenea sana kisiwani humo, na nilipoliona limeandikwa hivyo mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi: lilikuwa neno lileile tulilolipayuka darasani Tanga. Vinywa vya Colombo na vinywa vyetu vimepita njia moja. Na Unguja, kwenye kadi za posta za zamani zenye picha za Forodhani na za mitaa ya Mji Mkongwe, utaona pembeni kwa herufi ndogo jina la wapiga picha: Pereira de Lord.

Wagoa walikuja pwani hii na majina hayo wakati Wareno wenyewe walikwisha kuondoka. Walishona, walipika, walipiga muziki, walishika daftari za reli na za forodha. Pio Gama Pinto, aliyepigania uhuru wa Kenya na kuuawa Nairobi Februari 1965, alikuwa na jina la Kireno na hakuwa na deni kwa Ureno. Aliupinga utawala wake Goa pia.

Narudi kwenye lile kosa la mwalimu.

Juzi nilimtembelea nyumbani kwake Chumbageni. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini shati bado limepigwa pasi mpaka mikono inakata. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, pita." Nilikuwa nimemchukulia mapeasi sita ya Lushoto kwenye mfuko. Jikoni mkewe, Mama, alikuwa na sufuria kubwa mekoni, na nyumba nzima ilinukia mapera yaliyoiva. Alikuwa anapika *perad*. Mapera yanachemshwa, yanapondwa, yanapitishwa kwenye chujio mpaka mbegu zote zibaki juu, kisha rojo lile linarudishwa motoni na sukari karibu sawa kwa sawa na maji ya ndimu, na hapo mwiko hauachwi. Linaanza rangi ya waridi, linageuka jekundu, linakuwa zito, linatoa mapovu yanayoruka na kuunguza mkono. Likianza kuachana na sufuria lenyewe, linamwagwa kwenye sinia lililopakwa siagi, likipoa linakatwa vipande vya umbo la kashata.

"Kwa nini linaitwa perad?" nilimuuliza Mama, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Kwa sababu ni la *per*," akasema bila kugeuka. Kwa Kikonkani, per ni pera hili letu.

Ureno kwenyewe, *perada* ni tamu ya mapeasi. Na tunda letu, ukimuuliza Mreno wa Lisbon au Mbrazili, atakuambia *goiaba*. Mti wake ulitoka Amerika, ukaletwa na meli. Lakini huku kwenye Bahari ya Hindi, watu waliokuwa mbali na baridi na mapeasi waliliona tunda lenye umbo lile, wakaliita jina la tunda la nyumbani. Wagoa wakalichukua jina hilo, Wamarathi wakasema *peru*, Waswahili tukasema pera, tukatia "m" yetu mbele ukazaliwa mpera. Kwa hiyo jina la mwalimu na jina la mti wa dirishani ni watoto wa neno moja. Mmoja alipitia kisima cha ubatizo Goa, mwingine alipitia bustanini.

Nilimweleza mwalimu yote hayo, mezani, kwa msisimko, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Alisikiliza. Akachukua kisu, akakata peasi moja, akatafuna taratibu, macho yake yakielekea dirishani.

"Lina mchanga," akasema.

Nikakata na mimi. Kweli. Katikati, karibu na mbegu, nyama ya peasi ina chembe ndogo ngumu zinazosagika kwenye meno. Pera nalo linazo, kwenye nyama ya karibu na ganda. Nilikuwa nimekula matunda yote mawili maisha yangu yote na sikuwahi kuyaweka pamoja mdomoni. Labda mabaharia wale hawakuangalia umbo tu.

Nikapata ujasiri wa kumuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu: kama ukoo wao wanalijua jina la kabla ya Pereira. Akanyamaza kidogo. Akasema bibi yake alilitaja mara moja, akiwa mgonjwa, kwa sauti ya chini, na kwamba lilikuwa Naik.

"Hujawahi kutaka kulirudisha?"

"Mwanangu, mtu akiniita Naik barabarani, sitageuka. Sitajua kama ni mimi." Akafuta kisu kwa kitambaa. "Lakini mtu akipiga kelele 'Perera!' hapo sokoni, nitageuka hata kama ana miaka arubaini na ndevu."

Mama alileta kipande cha perad kikiwa bado vuguvugu, akaniambia nisubiri kipoe, nikashindwa kusubiri. Mwalimu alikuwa ameshamaliza peasi lake. Alizikusanya mbegu tano nyeusi zilizobaki kwenye kisahani, akazipanga kwa ncha ya kidole.

"Tanga joto, Mwalimu," nikamwambia. "Mpeasi unataka baridi. Hautazaa hapa."

"Najua," akasema. Akazikunja kwenye kipande cha gazeti, akakitia mfuko wa shati, akaniuliza habari za watoto.